Mafunjo yaliyonisomesha

Mjomba wangu alinisubiri kando ya barabara ya Kavumu, mikono kiunoni, akanitazama nikishuka kwenye pikipiki na buti za mvua miguuni. Ilikuwa mwezi wa sita. Kiangazi kilikuwa kimeshaanza na migomba imegeuka rangi ya vumbi.

"Mwipwa, hiyo mvua uliiacha wapi?"

Nikamwambia nimekuja kutafuta mafunjo. Alicheka mpaka akashika mti.

"Ya kufunika nyumba? Mabati ilikosa Bukavu?"

Sababu yenyewe ilikuwa ndogo, karibu naona haya kuiandika. Nina papetri pale Bukavu, mashariki mwa Kongo, chumba kimoja karibu na shule: fotokopi, kuskani, madaftari, kalamu, picha za pasipoti umeme ukikubali. Mwanafunzi mmoja alikuja kupiga fotokopi ya ukurasa wa kitabu cha historia, wenye mchoro wa Wamisri wa kale wakikata majani marefu mtoni. Akaniuliza kama mmea ule bado upo duniani au uliisha pamoja na mafarao. Nikamcheka. Nikamwambia kwa koko wangu, yaani bibi, kijijini Kabare, ulijaa bonde zima, na sisi tukiwa wadogo tulikuwa tunapigana nao kama panga. "Basi niletee moja," akasema, mbele ya wateja wote. Nikajibu Jumatatu.

Mdomo uliniponza. Bonde nililolikumbuka halikuwepo tena. Cha kuniaibisha zaidi ni kwamba nimepita hapo miaka yote hii, kwa msiba au kwa harusi, na sikuwahi kutazama chini. Ukiwa umevaa vizuri na umeshika zawadi unatazama njia isiyo na matope, basi. Siku hiyo nilitazama. Matuta ya shu, yaani kabichi, matuta ya maharagwe, viazi vitamu, tena shu. Katikati mkondo mmoja mwembamba, umenyooshwa kama umechorwa kwa rula, na mitaro midogo ikiuingia kutoka pande zote mbili kama mifupa ya samaki. Kina mama wanachota maji kwa bidoni na kumwagilia. Mbali kidogo moshi wa tanuru la briki. Funjo hata moja.

Tulifuata mkondo kushuka, karibu saa nzima, mjomba mbele na mimi na buti zangu nyuma. Nyuma ya tanuru, mahali walipochimba udongo wa briki wakaacha mashimo yakajaa maji, ndipo tulipoyakuta. Kwanza tuliyasikia: mnana wamejenga humo na kelele zao ni kama soko la Kadutu saa nne asubuhi. Eneo lote halizidi uwanja wa voliboli, labda na nusu yake. Nilisimama pale nikaona kitu kimenikaba kooni, nikamwambia mjomba ni moshi wa tanuru.

*

Kwanza niseme juu ya jina, kwa sababu mjini kila kitu kirefu kinachoota majini tunakiita matete, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Tete na funjo ni ukoo tofauti. Tete lina bua la mviringo, lina uwazi ndani na vifundo kama mwanzi, na majani yake yanatoka kila kifundo. Funjo halina kifundo hata kimoja. Livunje usilione, ulipapase kwa vidole gizani, utalijua: bua lake lina pembe tatu. Ndani limejaa kiini cheupe, chepesi, kama sifongo. Na majani huyaoni, yamebaki kuwa magamba ya kahawia chini kabisa mguuni. Kazi ya majani inafanywa na bua lenyewe la kijani na kile kishungi cha juu, nyuzi nyingi nyembamba zinazotawanyika kama nywele za mtu aliyeamshwa usiku. Kwa ukoo, funjo ni ndugu wa ndago, yale majani yanayomtesa kila mwenye shamba. Tofauti ni kwamba huyu ndugu anafika mita nne, hata tano.

Wanasayansi wanaliita Cyperus papyrus, jina lililotolewa na Linnaeus mwaka 1753. Majirani zetu wa Rwanda na Burundi wanasema urufunzo, na ukiliweka neno hilo karibu na funjo letu unaona kabisa ni mtoto wa nyumba moja. Lakini neno lililonifurahisha zaidi nililigundua baadaye, nikiwa nimekaa katikati ya mashine zangu. Papetri, ile tuliyoichukua kwa Wafaransa, babu yake ni papyrus. Nikasema sawa, hiyo ni ya wazungu, sisi tuna neno letu, karatasi. Kumbe karatasi tumeipata kwa Waarabu, qirtas, nao waliipata kwa Wagiriki, khartes, na huko kwa Wagiriki maana yake ilikuwa ule ule ukurasa uliotengenezwa kwa mafunjo! Miaka kumi na moja nauza mafunjo na sijui. Hata hii makala unayoisoma (na ndugu zangu wa pwani wavumilie, kwetu Kongo makala ni mkaa wa kupikia) nimeiandika kwanza kwenye funjo, kwa jina tu.

Wamisri walikichana kile kiini cheupe kuwa vipande vyembamba, wakavipanga safu moja kwa urefu na nyingine kwa upana, wakavigandamiza na kuvikausha. Kisha kwao wenyewe mmea ukapotea karibu wote. Walipotaka kuanza tena kutengeneza kurasa hizo, katika miaka ya 1960, miche ilibidi itolewe Sudani, juu zaidi kwenye mto ule ule. Na hapa nitaingiza jambo ambalo halinihusu sana ila siwezi kuliacha. Zamani sana maji ya bonde letu hili la Kivu yalikuwa yanatiririka kwenda kaskazini, upande wa Ziwa Edward, yaani upande wa Nile. Volkano za Virunga zikainuka zikaziba njia. Maji yakajaa, ziwa likapanda, mpaka likapata mdomo mwingine huku kusini, hapa hapa Bukavu, likaanza kumwagika kupitia mto Ruzizi kwenda Ziwa Tanganyika. Wataalamu wanasema ni takriban miaka 10,000 iliyopita. Bila Nyiragongo na wenzake, maji ya kwa koko wangu yangekuwa yanamwagilia mafunjo ya farao.

*

Sasa nirudi bondeni, maana ndiko deni langu liliko.

Koko alitusimulia kwamba alipoolewa, mlima ulikuwa wa watu na kinamasi kilikuwa cha mwami, mtawala wetu. Shamba la mlimani babu alilipata kwa kalinzi, ng'ombe aliyetolewa kwa mwenye ardhi, na tangu hapo likawa lake na la watoto wake. Chini kwenye maji hakuna aliyelima. Watu walishuka kiangazi kulisha ng'ombe pembezoni, kutega kambale, na kukata mafunjo ya mikeka, ya kamba, ya kuezeka, ya kufumia vikapu. Wanaume walikata, wanawake walisuka, na watoto walikatazwa kwenda katikati, kwa sababu katikati ardhi inatembea.

Hilo la ardhi kutembea nililichukulia kama vitisho vya wazee. Kumbe ni kweli tupu. Funjo linaota kutoka kwenye shina linalolala chini na kutambaa, na mashina hayo yanafumana na mizizi mpaka yanakuwa zulia nene, wakati mwingine zaidi ya mita moja. Panapokuwa na maji mengi zulia hilo linaelea. Maji yakipanda, linapanda nayo, yakishuka linashuka. Ndani ya mabua kuna njia za hewa zinazopeleka oksijeni hadi mizizini, kwenye tope ambalo lenyewe halina pumzi. Ukikanyaga, unazama kidogo na mita tatu mbele yako vishungi vinatikisika. Ng'ambo, Rwanda, ndani ya msitu wa Nyungwe, kuna kinamasi kikubwa kinaitwa Kamiranzovu. Kwa Kinyarwanda ni kama kusema "kinachomeza ndovu". Wazee wa kule nao hawakuwa wanatania.

Halafu watoto wakaongezeka na mlima haukuongezeka. Shamba la babu likagawanywa mara nne, likagawanywa tena, na udongo wa juu ukawa unashuka kila mvua. Watu wakaanza kutazama chini. Kinamasi kikaanza kutolewa kwa bwasa: unalipa, unalima msimu, msimu ukiisha mnaongea upya. Koko alichukua kipande. Nasikia alikuwa mwanamke wa tatu au wa nne kushuka. Wakasubiri kiangazi, wakakata mafunjo, wakayaacha yakauke, wakachoma, wakachimba mitaro. Maji yakatoka. Ukatokea udongo mweusi kama makala, laini, unaonuka. Akapanda shu.

Mama anasema shu za mwaka ule wa kwanza zilikuwa hazibebeki. Mtu mmoja, kichwa kimoja cha shu. Na hapo elewa jambo: kiangazi mlimani hakuna kinachoota, kwa hiyo shu za bondeni zinafika sokoni wakati wengine hawana kitu. Pesa nzuri. Kwa pesa hiyo mjomba alisoma, mama mdogo alisoma, na miaka ya tisini, serikali ilipoacha kulipa walimu na mzigo wa prime, yaani malipo ya walimu, ukaangukia wazazi, mimi nilikaa darasani wakati watoto wengi wa njia ile wanarudishwa nyumbani. Minervali yangu, yaani karo, uniformu yangu, dikshenari yangu ya Kifaransa ambayo bado ninayo, vyote vilitoka mahali pale yalipokuwa mafunjo.

Kwa hiyo nikisoma watu wa mjini, tena wenzangu, wanaandika kwamba wanakijiji wanaharibu vinamasi kwa ujinga, nanyamaza. Koko hakuwa mjinga. Alihesabu watoto wanne na mlima mmoja.

Ila bonde nalo lilikuwa na hesabu yake. Udongo ule mweusi ni mafunjo yaliyokufa kwa mamia na maelfu ya miaka, yakaoza nusu tu kwa sababu ndani ya maji hakuna hewa ya kuyamaliza. Ukitoa maji, hewa inaingia, na ule uozo uliosimamishwa unaendelea pale ulipoachia. Udongo unajila wenyewe. Unakauka, unapungua, unashuka. Kuna gogo mjomba alinionyesha, walilolilaza juu ya mtaro wakati wa koko ili wavuke, likiwa sawasawa na ardhi. Leo ncha zake zimeshikwa na vichuguu viwili vya udongo wa mfinyanzi na ardhi ya pembeni iko chini yake kwa kimo cha goti. Kiangazi kikikaza sana, moto wa mtu anayechoma magugu unaweza kuingia chini na kutambaa siku nyingi bila kuonekana, moshi tu unatoka huku na huku. Baada ya miaka kadhaa shu zikaanza kuwa ndogo. Wakaongeza samadi. Zikawa ndogo tena. Mahali pengine udongo mweusi uliisha kabisa, ukabaki mfinyanzi, na mfinyanzi haulimiki vizuri lakini unatengeneza briki nzuri mno. Ndipo tanuru likaja. Sehemu ya nyumba za Bukavu mnazoziona zinapanda vilima zimetoka kwenye mabonde ya namna hii, na mikaratusi ya kuzichomea imetoka kwenye vilima vya juu yake.

*

Sikujua haya yote siku ile. Nilijua kwamba nina mabua matatu ya mafunjo begani na mwendesha pikipiki anadai nimlipie abiria wa pili.

Mwanafunzi alifurahi kuliko nilivyotarajia. Darasa zima likaja kutazama. Niliyaweka kwenye ndoo ya maji mlangoni na Jumanne vishungi vikawa vimeanza kulegea, lakini tayari yalikuwa yameniingia kichwani. Nikaanza kuuliza. Nilipanda siku moja mpaka Lwiro, kwenye kile kituo cha utafiti Wabelgiji walichokianzisha mwaka 1947, jumba ambalo ukilikuta ghafla kati ya migomba unafikiri umepotea njia ukatokea Ulaya. Wanatunza huko mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye makaratasi makubwa. Nilitaka tu kuona mmea mrefu hivyo unaingiaje kwenye ukurasa. Jibu ni kwamba unaukunja kama zigizaga, au unachukua kipande cha chini na kishungi, katikati unaandika urefu. Karatasi juu ya karatasi, nikajisemea, nikacheka peke yangu na yule aliyenipokea akanitazama vibaya.

Nilichotoka nacho kwenye kuuliza huko na huko ni hiki. Funjo ni mlafi. Linakua kwa haraka ya ajabu, kwa mbinu ile ile ya kushika mwanga inayotumiwa na mahindi na muwa, mbinu ambayo si kawaida kuikuta kwa mmea wa majini. Na ili likue hivyo linahitaji kula, nalo linakula yale ambayo mvua inayashusha: naitrojeni na fosforasi za samadi, za mbolea, za vyoo vyetu. Tope lenyewe linanaswa kati ya mabua, maji yanapunguza mwendo, kile kizito kinatulia chini. Kampala, kwa mfano, sehemu kubwa ya maji machafu ya jiji hupita kwenye kinamasi cha Nakivubo kabla ya kuingia Ziwa Viktoria, na mafunjo ya pale yamefanya kazi hiyo miaka mingi bila mshahara.

Ukikaa Bukavu unaweza kuuliza, basi kwa nini mafunjo hatuyaoni kando ya ziwa letu? Tembea mwambao uone. Peninsula zetu zinaingia majini kama kisu. Ziwa hili liko mita 1,460 juu ya bahari na kina chake kinafika mita 485, na sehemu nyingi ukivua viatu na kupiga hatua mbili huna tena pa kukanyaga. Upande wa Goma ni mwamba wa volkano. Funjo linataka maji ya kina kifupi na tope la kushikilia. Kwa hiyo vichungio vya ziwa vilikuwa huko juu mabondeni, nyuma ya vilima, kimoja baada ya kingine, mahali ambapo mtu anayekunywa bia akitazama machweo hapaoni. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilidhani ziwa linaanzia pale maji yanapoanza.

Nalo ziwa Kivu si la kuchezea kwa jinsi lilivyo. Maji ya juu tu, kama mita 60 hivi, ndiyo yanayochanganyika upepo wa kiangazi ukivuma. Ya chini yamelala peke yake, mazito kwa chumvi na gesi, na kinachozama huko hakirudi kwa urahisi. Sambaza, wale dagaa tunaowala, ambao nao ni wageni walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanaishi katika tabaka hilo jembamba la juu. Usiku ukitazama taa za mitumbwi ile iliyofungwa pamoja mitatu mitatu, kumbuka kwamba chini ya taa hizo uhai wote wanaouvua umekaa kwenye ngozi tu ya ziwa. Mvua kubwa ikinyesha na mito yote ikashuka na rangi ya chai ya maziwa, ni ngozi hiyo inayoipokea.

Nisizidishe chumvi. Mafunjo hayali plastiki. Zile chupa zinazoshuka na mto Kawa na mifereji ya Kadutu, zinaelea hadi mdomo wa Ruzizi na kwenda kuziba mitambo ya bwawa la umeme, hata ungeotesha mafunjo mji mzima zingepita au zingekwama humo na kukaa. Hilo ni letu na mikono yetu.

*

Kuhusu umeme lakini kuna kisa cha jirani ambacho nimekisimulia papetri kila mara taa zinapozimika, mpaka wateja wamekichoka.

Kaskazini mwa Rwanda kuna kinamasi kinaitwa Rugezi. Maji yake yanashuka kwenye Ziwa Burera, ya Burera yanashuka Ruhondo, na katikati ya maziwa hayo mawili kuna kituo cha umeme cha Ntaruka, cha megawati 11 na ushei. Watu walifanya Rugezi kile ambacho koko na wenzake walifanya kwao: wakachimba mitaro, wakalima. Maji yaliyokuwa yanatoka polepole mwaka mzima yakaanza kutoka yote kwa mpigo mvua ikinyesha, halafu hakuna. Kufikia mwaka 2004 Burera ilikuwa imeshuka kiasi kwamba Ntaruka ilikuwa inatoa sehemu ndogo tu ya uwezo wake, na Kigali ikakaa gizani ikiwasha majenereta ya dizeli kwa bei ya kutisha. Mvua chache za miaka ile zilichangia, na kituo chenyewe kilikuwa hakijaendeshwa vizuri, hilo lazima lisemwe. Lakini serikali iliona pia kinamasi. Ikafunga mitaro, ikawaondoa wakulima, mwaka 2005 Rugezi ikaingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar, ile ya vinamasi vya kulindwa. Maji yakarudi, na umeme ukarudi.

Kisa kizuri. Kila ninapofika hapo kuna mteja mmoja, mama anayeuza lengalenga, yaani mchicha, anayeniuliza swali lile lile: "Na balimaji, balienda wapi?" Najua walihamishwa. Najua wengi waliona mashamba yao yameondoka kabla ya faida kufika. Namjibu hivyo, naye anasema "Aah," anachukua fotokopi yake na kwenda.

Swali lake ndilo nililopanda nalo kwa mjomba mara ya pili, mwezi wa nane. Safari hii bila buti. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nikamweleza juu ya ziwa, juu ya tope, juu ya Rugezi, nikachora hata kwa kijiti. Nikamwomba ile sehemu nyuma ya tanuru, ambayo nilikuwa nimejua sasa kwamba ni yake kwa bwasa, aiache. Nikamwambia ikiwezekana aache na ukanda mwembamba kando ya mkondo, hatua tano tu kila upande, mafunjo yatajirudia yenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwake si la kawaida. Kisha:

"Mwipwa, nimekusikia. Sasa, ile ziwa, itanilipia minervali ya batoto?"

Sikuwa na jibu. Nilijaribu kusema kwamba mashimo yale yameshajaa maji, hayalimiki vile. Akasema atayafukia. Nikasema mafunjo yana faida, mikeka. Akaniuliza mara ya mwisho kulala kwenye mkeka ilikuwa lini. Shangazi, mke wake, alikuwa anachambua maharagwe pembeni, hakuinua kichwa. Akasema tu kwa Mashi, lugha ya kwetu, kama anaongea na maharagwe, kwamba mtu akitaka shamba la mwenzake analipa bwasa kama watu wengine.

Tukatazamana, mimi na mjomba.

Ndiyo hivyo mimi, mwenye papetri ya chumba kimoja, nimekuwa mlimaji wa kinamasi kama koko wangu. Nalipa bwasa kwa msimu, bei ya shu ambazo zingeota pale kama pangelimika, na mjomba hakunipunguzia hata kidogo. Alitaka na debe la kasiksi, pombe ya ndizi, juu, kwa ajili ya mashahidi. Masharti tuliyataja mbele yao: hakuna kuchimba mtaro, hakuna kuchoma, kukata kunaruhusiwa kwa zamu, mabua yaliyokomaa tu, maana funjo likikatwa vizuri linarudi ndani ya miezi. Shangazi ndiye aliyechukua haki ya kukata. Amesuka mikeka miwili na kuuza mmoja. Ukanda wa kando ya mkondo bado tunaubishania. Amekubali hatua mbili, upande mmoja.

Tatizo ni majirani. Hakuna anayeamini kwamba mtu anatoka Bukavu analipa pesa ili majani yaote. Kwanza walisema nimerukwa na akili, na hiyo ningeivumilia. Mwezi uliopita yakaja mapya: nimekuta madini ya koltani chini ya yale maji, na mafunjo nayaacha ili kuficha mahali. Kijana mmoja ameshakutwa usiku na koleo na tochi, amezama hadi kiunoni, akatolewa kwa kamba. Nikampigia mjomba simu nikamwomba awaambie watu ukweli.

"Niliwaambia," akasema. "Hapana, siyo wote." Kisha akaniuliza kama nina habari kwamba bwasa ya msimu ujao imepanda.